Jiko Lenye Urefu wa Nguruwe

Agosti 30, Jumamosi

Latrelle, miguu unayo au huna? Gari unalo. Barabara ya kutoka Durham ipo palepale, hakuna mtu aliyeihamisha. Na bado mwaka wa tatu huu unaniacha nimtazame mtoto wako kwenye simu kama samaki ndani ya chupa. Ana meno sasa. Meno yake nimeyaona kabla sijaushika mkono wake. Kuku wangu akilala nje namtafuta na tochi, sembuse damu yangu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu imepanda unasema "sawa Bibi, mtandao mbaya," halafu kimya. Karatasi haina mtandao. Unajua mimi shule sikwenda. Wenzangu walipokuwa darasani mimi nilikuwa natundika tumbaku bandani, na herufi nilifundishwa na babu yako Elbert juu ya mifuko ya mbolea, tukiwa tumeshaoana. Kwa hiyo neno likikaa vibaya, lisogeze mwenyewe.

Leo baba yako Durwood ameuza vizuri nguruwe wake wa kuchoma kule bandani kwake. Mvua imenyesha tangu asubuhi.

Septemba 1

Mvua. Kuni zimelowa hadi zile za chini.

Septemba 6, Jumamosi

Baba yako ameingia jikoni jioni hii ananuka moshi, amekaa, hajavua hata buti. Mgongo umemkamata. Kupika nguruwe mzima si kazi ya mtu wa umri wake, lakini ukimwambia hivyo anaenda kupika wawili.

Leo alipita mtu wa magharibi, kule Lexington, akauliza kama badala ya siki yetu tuna mchuzi mwekundu wa nyanya. Durwood akamwambia, "Upo dukani, rafu ya watoto."

Mtu yule naye hakukaa kimya. "Kwetu tunapika bega peke yake. Bega ndilo nyama."

"Na nguruwe aliyebaki mnamfanya nini? Mnamsomea misa?"

Foleni nzima ikacheka, na mtu wa Lexington akacheka kuliko wote, akabeba sahani zake akaondoka akilamba vidole. Baba yako yuko hivyo. Anamtania kila mtu, na hajui kuwa kuna watu mzaha unaishia kwenye ngozi yao na kuna watu unaingia ndani. Ndivyo alivyomfanyia mumeo ile siku ya mkutano wa kanisa, watu wote wakiwa wamekaa, Jamil ana saladi ya kabichi peke yake kwenye sahani. "Mwanamume asiyekula nguruwe," akasema, "mimi sijui nimhesabu upande gani wa meza." Watu wakacheka. Jamil akatabasamu. Wewe ukachukua mkoba wako, na mimba yako changa, na hatukukuona tena.

Mpaka leo Durwood anasema ulikuwa mzaha. Nimechoka kumsikia akisema ulikuwa mzaha.

Septemba 9

Umenipigia mwenyewe.

"Bibi, tutakuja ile Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Lakini nataka Jamil ale. Nataka mwanangu Safiya ale. Sitaki wakae tena na kabichi mbele ya watu. Na nyama iwe imechinjwa kwa mkono wa Mwislamu, si ya dukani tu."

"Na baba yako?"

"Baba asiseme neno."

"Na kama mambo hayakwenda hivyo?"

"Basi tutaendelea kuonana kwenye simu, Bibi."

Ulisema polepole. Ungefoka ningelala vizuri zaidi. Mtu akifoka bado yumo ndani ya nyumba.

Septemba 10

Magoti yanauma. Sina la kuandika.

Septemba 13, Jumamosi

Nimefanya jambo ambalo Elbert angeamka kaburini kulitazama. Nimekwenda kwa Royce Tolliver.

Unamkumbuka: yule mwanajeshi wa ndege aliyestaafu, Mteksas, wa kule Texas wanakopika ng'ombe, aliyenunua nyumba ya akina Dildy hapo mtoni. Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia kwamba anachokipika ni kiatu kilichopotelewa na mwenzake. Naye amekuwa akiniambia kwamba sisi tunakatakata nyama yetu kwa sababu hatuna meno. Nimemkuta uani kwake, amesimama kando ya pipa lake la chuma, kofia kichwani kama ng'ombe atatokea wakati wowote.

"Bi Mozelle! Umepotea njia, au kuna msiba?"

"Nifundishe kupika ng'ombe."

Akavua kofia. "Rudia."

"Umesikia. Sina mdomo wa kurudia."

"Ngoja nimwite mke wangu awe shahidi."

"Mke wako alikukimbia, Tolliver."

"Basi nimpigie hukohuko aliko."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Akaacha kucheka aliponiona nimekaa kwenye ngazi yake bila kukaribishwa. Nikamweleza habari yako, na ya Jamil, na ya mtoto. Akageuza kofia mikononi.

"Kidari," akasema. "Utampikia kidari, kifua cha ng'ombe. Chumvi na pilipili manga, basi. Ukileta siki yako karibu na nyama yangu naita polisi."

"Na mchuzi?"

"Bi Mozelle, nenda nyumbani upumzike. Tutaanza Jumamosi ijayo. Usije na mdomo huo."

Septemba 20, Jumamosi

Somo la kwanza. Moto wa nguruwe wetu unajua unavyotaka: unachoma kuni pembeni, unachota makaa kwa beleshi, unayamwaga chini yake, mengi kwenye mapaja, machache tumboni, unachota tena. Mtu hakai. Huu wa Tolliver ni wa kukaa. Moto uko kule, nyama iko huku, moshi unatembea katikati kama mgeni asiye na haraka, na wewe huruhusiwi kugusa chochote. Nilinyoosha mkono niigeuze akanipiga kofi kwenye kidole.

"Iache!"

"Mbona imelala tu?"

"Kazi yake ni kulala. Na wewe lala."

Nikalala kweli, kwenye kiti, nikaamka shingo inauma. Tukala jioni. Sitaki kuandika ilivyokuwa.

Ilikuwa nzuri. Ukimwambia mtu nitakana.

Lakini jambo moja nimeliona. Nyama ile ilikuwa ya kulisha kikosi, na tulikuwa wawili. Nikamuuliza iliyobaki ni ya nani. Akasema ataigandisha. Akafungua friza: imejaa, kila kipande kimefungwa kwa karatasi na kuandikwa tarehe ya Jumamosi yake. Siku zote nilidhani anapika kingi kwa majivuno ya Kiteksas. Kumbe hajui kupika kidogo, na hana wa kumpikia. Nimebeba vipande vinne. Hakukataa.

Septemba 24

Baba yako amenusa friji. "Nani kaleta ng'ombe?" Nikamwambia ng'ombe kajileta.

Septemba 27

Mvua ya pembezoni mwa kimbunga. Mto umepanda hadi kwenye ua wa waya. Viazi vitamu vya jirani zetu akina Artis bado vimo ardhini, vinaoza. Watu wote wana sura za msibani.

Oktoba 4, Jumamosi

Hii lazima niiandike yote, hata kama ulikuwepo upande wa pili.

Nimekupigia nikusomee chakula nilichopanga. Nilikuwa na furaha, nakwambia kweli, nimevaa hata miwani.

"Kidari cha ng'ombe," nikasema. "Sukuma. Maharage. Mkate wa mahindi. Na pai ya viazi vitamu."

"Bibi, hiyo sukuma unaipika na nini?"

"Na maji."

"Na nini tena?"

"Na kifundo cha mguu wa nguruwe. Kidogo tu, cha ladha. Nakitoa kabla hamjafika."



"Na maharage?"

"Na kipande cha… Latrelle, kile si nyama. Kile ni kiungo."

"Na mkate wa mahindi?"

"Huo hauna nguruwe hata kidogo. Unga, mayai, mtindi na shahamu."

"Shahamu ya nani?"

Hapo nikasimama. "Ya kopo," nikasema.

"Bibi. Kwenye kopo yumo nani?"

Nimekula shahamu ile tangu sijaota meno, naijua kwa rangi, kwa harufu, kwa jinsi inavyoganda Januari, na haki ya Mungu sikuwahi kuihesabu kuwa ni nguruwe. Nguruwe ana miguu. Shahamu ni shahamu. Nikaanza kucheka, nikacheka hadi nikakohoa, na wewe ukacheka. Nikamsikia Jamil nyuma anauliza kuna nini, ukamwambia, naye akacheka. Kumbe anacheka kwa pua, kama farasi. Sikuwahi kumsikia.

Baada ya kukata simu nikaacha kucheka.

Oktoba 5, Jumapili

Nimetoka kanisani nikasimama katikati ya jikoni nikatazama. Kikaango cha chuma alichoniachia mama mkwe: nimekipaka shahamu tangu wiki ya harusi, ndiyo inayokifanya king'ae. Ubao wa kukatia. Mwiko. Unga wa pai ninaukanda na shahamu. Bati la mkate. Nilidhani nguruwe anaishi kule bandani na baba yako. Kumbe ana chumba humu ndani, na ndiye mwenye nyumba; mimi ndiye mpangaji.

Kitu changu ambacho hakina nguruwe nimekipata kimoja tu. Chupa ya siki na pilipili.

Nimekaa jikoni kwangu kama mgeni anayengoja kukaribishwa chai.

Oktoba 7

Mkate wa mahindi kwa mafuta ya mahindi. Sponji. Kuku hawakuutaka.

Oktoba 9

Kwa siagi. Afadhali. Siagi nyingi. Zaidi.

Oktoba 11, Jumamosi

Pipa la Tolliver halifai. Nilimuuliza tu, kwa bahati, kama amewahi kupika mle kitu kingine. Akatazama viatu vyake. "Mbavu," akasema. "Mbavu za nini?" "Bi Mozelle, unajua za nini." Mteksas na makelele yake yote ya ng'ombe!

Basi lipatikane jiko jipya. Nikamngoja baba yako afunge banda, nikamwekea chakula, nikamwambia.

"Nijengee jiko la matofali uani. Dogo."

"La nini?"

"La ng'ombe."

Akaweka uma chini. "Mama, huku kwetu mtu akisema babikyu, nyama ya moshi, amesema nguruwe. Kuna babikyu, halafu kuna ng'ombe. Watu wakipita barabarani wakaona moshi wa ng'ombe nyumbani kwetu akina Speight…"

"Wataona moshi. Moshi hauna pembe."

"Baba atasema nini?"

"Elbert amekufa, Durwood. Amepumzika. Sisi ndio bado."

Nilitaka kumfokea zaidi, nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini akasema, akiangalia sahani, "Latrelle alipokuwa mdogo alikuwa anasimama juu ya kreti, hapa ubavuni kwangu. Ngozi ya kwanza ikikauka vizuri nilikuwa nampa yeye kabla ya mteja yeyote. Awe nani. Hata kasisi alingoja. Sasa kitu nilichompa kwa mkono huu ni uchafu."

"Hajasema uchafu."

"Hakusema. Alichukua mkoba."

Akatoka, chakula kikabaki. Mwaka wa tatu huu namwita mtoto wangu kichwa ngumu. Kumbe alikuwa kwenye matanga, na hakuna aliyempelekea pole, hata mimi mama yake niliyekuwa nalala ukuta wa pili.

Sisemi kwamba alifanya vizuri. Alifanya vibaya. Nasema nilichokiona.

Oktoba 12

Mvua.

Oktoba 13

Mvua tena. Jiko hakuna.

Oktoba 18, Jumamosi

Tolliver amenipeleka mjini Goldsboro kwa gari lake, kwa Abdulwali, yule Myemeni mwenye duka kando ya reli, anayeuza simu mbele na nyama nyuma. Nimemwambia nataka kidari, kikubwa, cha mwezi ujao.

"Unapikia Waislamu, mama?"

"Napikia mjukuu wangu."

"Basi nitakuwekea chenye mafuta. Utakipikaje?"

Tolliver akadakia, chumvi, pilipili manga, moshi. Abdulwali akatikisa kichwa kama daktari. "Kwetu tunachimba shimo. Nyama inashuka chini, tunafunika, tunaondoka. Hakuna moshi machoni."

"Bila kuiona?" akauliza Tolliver.

"Ukiitazama inaona haya."

Wakabishana mpaka foleni ya watu wa simu ikaanza kukohoa. Nilipokuwa natoka Abdulwali akaniuliza, kwa sauti ya chini, kisu na ubao nitatumia vipi. Nikamwambia ninavyo vipya, bado vina karatasi. Akaniongezea mfuko wa tende, "za mtoto."

Oktoba 25, Jumamosi

Kama hajengi nitajenga mwenyewe, nikasema. Nimekwenda na toroli kwenye lile banda la tumbaku lililoanguka, nikapakia matofali ya saruji. Safari ya kwanza nikafika. Ya pili gurudumu likazama, nikasukuma, nikakaa. Sikuanguka, nilikaa, matopeni, taratibu, kama mtu aliyekuta kiti. Halafu sikuweza kuinuka.

Nikatazama mawingu. Nikafikiri: Mozelle, umechoka. Umechoka na moto, umechoka na mvua, umechoka kuwa kamba kati ya watu wawili wanaovutana na wote wawili unawapenda. Kuku walikuja kunitazama.

Baba yako ndiye aliyenikuta. Akanishika kwapani akaniinua kama gunia, akanibeba hadi kibarazani.

"Mama, unanuka matope."

"Na wewe unanuka nguruwe."

Hakucheka. Akaenda kulitoa toroli.

Novemba 1, Jumamosi

Nimeamshwa na mlio wa mwiko wa mwashi kwenye tofali. Sikuchungulia. Nikachemsha kahawa, nikaimimina, nikaiweka kwenye ngazi, nikarudi ndani. Kikombe kikanywewa. Nikaweka kingine.

Hakufungua banda leo. Jumamosi! Magari yalisimama barabarani yakapiga honi, akawapungia mkono waende.

Jioni kaniita. Jiko limekamilika, hadi kipaa cha mabati juu yake kwa ajili ya mvua. Nikalizunguka. Nikalizunguka tena.

"Durwood, mbona refu hivi?"

"Jiko ni hivi."

"Mwanangu, kidari ni kama mto wa kulalia. Hapa anaingia nguruwe mzima na miguu yake."

Akasimama akaliangalia kama ndiyo kwanza analiona. Akapima kwa macho kutoka kichwani hadi mkiani, na kweli lilikuwa na kichwa na mkia. "Mikono yangu haijui kipimo kingine, Mama," akasema.

Nikaingia ndani haraka. Nilikuwa na kitu kwenye sufuria.

Novemba 8, Jumamosi

Tolliver kaja kukagua. "Hili la nini? Mnazika farasi?"

"La kupikia," baba yako akasema.

"Moto unakaa wapi?"

"Chini."

"Chini! Unataka kuichoma mgongo? Moto unakaa kando, Speight, kando!"

"Kando kuna nini? Kando hakuna nyama."

Wamebishana hadi jua likazama. Wamekubaliana kwamba mvua itanyesha.

Novemba 14

Pamba ya akina Artis imeloa. Simu yako: "Bado tunakuja, Bibi." Hilo neno bado, nimelala nalo.

Novemba 19

Abdulwali amepiga, nyama ipo. Nimesugua sufuria mpya kana kwamba ni kuukuu.

Novemba 22, Jumamosi

Mmeondoka. Miguu imevimba. Naandika nikiwa nimeiweka juu ya kiti, maana nikisubiri kesho nitakuwa nimeanza kuipamba.

Tolliver na baba yako walikuwa kwenye moto tangu alfajiri. Manyunyu. Tolliver alishinda kwenye jambo la moto kukaa kando, kwa hiyo kidari kilikuwa kimelala peke yake kwenye kona ya lile jiko refu, kama mtoto kwenye kitanda cha wazazi. Saa za asubuhi zilikwenda vizuri. Halafu Tolliver akaja jikoni kunywa kahawa. Nikamwonyesha mkate wa siagi, akataka kuonja, nikamkatia, tukazungumza. Kosa letu ni hilo.

Baba yako akabaki peke yake na nyama iliyolala. Mtu ambaye hajawahi kuiacha nyama peke yake maisha yake yote. Akavumilia. Akavumilia. Akachota beleshi la makaa akalimwaga chini yake. Akaigeuza. Akachota jingine.

Tolliver alipotoka nilisikia ukelele nikadhani kuna nyoka.

"Umefanya nini?"

"Ilikuwa imelala tu."

"Kazi yake ni kulala, Speight! Ni kulala!"

Na hapohapo gari lenu likaingia.

Wewe umenenepa, vizuri. Jamil alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, amembeba mtoto kifuani kama ngao. Safiya akanitazama, akatazama pua yangu, akaishika. Sitaandika zaidi hapo. Baba yako hakuja. Nilimwona kule chini ya mabati ameegemea beleshi, ametupa mgongo. Ukauliza, "Baba yuko wapi?" na ulikuwa unamwona.

Tukakaa kibarazani. Tolliver akaileta nyama kwenye ubao mpya, uso wake kama wa kupeleka habari mbaya. Akakata. Kisu kikagoma. Akavuta kipande kikavutika kama mkanda wa suruali. Jamil akasema, "Inanukia vizuri sana, Bi Mozelle," na hapo nikajua mambo yameharibika, maana mtu mwenye adabu husifu harufu pale asipoweza kusifu kitu kingine. Wewe ulimtazama mumeo, ukamtazama mtoto, ukatazama sahani za sukuma na maharage, na nikaona mkono wako umeshuka ulipo mkoba. Labda ulitaka kitambaa cha kumfuta mtoto. Mimi niliikumbuka ile siku ya kanisani.

Baba yako akaja. Hakutazama mtu. Akabeba ubao na nyama yote, akarudi nao kwenye jiko, akavitoa kwenye karatasi vile visu vizito viwili vya bucha nilivyonunua. Akaanza.

Unaijua sauti ile. Visu viwili kwenye mbao, mkono huu, mkono huu, bila kupumzika. Tolliver akaweka mikono masikioni. "Anaikatakata," akasema. "Mungu wangu, kidari. Anakikatakata." Akaondoka akaenda kusimama kwenye ua wa waya, akautazama mto. Mteksas mzima, nusura alie.

Lakini wewe uliinuka kabla hata sijakutazama. Ukatembea kwenye manyunyu ukasimama ubavuni kwake, palepale, ila sasa huhitaji kreti. Akaendelea kukata. Akamimina siki na pilipili kutoka ile chupa yangu, akachanganya kwa ncha ya kisu, akachota kidogo akakunyooshea bila kugeuza shingo.

"Siki imetosha?"

Ukala. Ukafikiri. Huwa unafikiri ukiwa umefumba jicho moja.

"Pilipili," ukasema.

Akaongeza. Akanyoosha tena. Ukala tena.

"Haya," ukasema.

Basi. Hicho ndicho mlichozungumza, baada ya muda wote huo.

Jamil akaniachia mtoto akawafuata. Sikumsikia vizuri kwa sababu ya manyunyu juu ya mabati, lakini baba yako alianza, "Ile siku ya kanisani, mimi…" akakwama. Mtu mwenye maneno ya kuchekesha foleni nzima, akakwama. Jamil akamwacha akwame kidogo. Hakumwokoa haraka, na nilimpenda kwa hilo. Kisha akasema, "Niliumia, Bwana Durwood."

"Najua."

"Nyama inapoa."

"Shika upande huo wa ubao."

Wakaubeba wote wawili. Tolliver alirudi kwa sababu ya njaa. Akaonja kwa ncha ya uma, kama sumu. "Hiki si kidari," akasema. "Lakini na chenu pia si hiki. Hiki ni nini?"

"Sijui," baba yako akasema. "Mpe mtoto."

Safiya akajaza kiganja, akatia mdomoni, siki ikamkamata, uso mzima ukajikunja hadi masikioni. Tukangoja. Akameza. Akanyoosha mkono tena, kwa baba yako, na kumwita kwa ile sauti yake ambayo bado haina neno.

Novemba 23, Jumapili

Sikwenda kanisani. Mifupa yote imeomba ruhusa.

Sasa nisikilize, Latrelle, maana sitaki ile ya jana tena, kuja mchana na kuondoka kabla ya giza kama watu wa bima. Ukija tena usije Jumamosi. Njoo Ijumaa, na nguo za kulalia. Baba yako amekuwa akilizunguka lile jiko tangu asubuhi na mkono kiunoni. Amempigia Abdulwali mwenyewe kuuliza kama kondoo mzima anapatikana. Tolliver anasema kondoo ni mambo ya Kentucky na hataki kuonekana karibu, na ameshauliza saa ngapi aje.

Jamil aje na viatu vya kuchafua. Alale kile chumba cha nyuma, cha babu yako, chenye dirisha upande wa jiko. Baba yako atakuja kumgongea kabla hakujakucha. Usiinuke nao, usimtetee mmoja kwa mwingine, usipeleke kahawa. Waache na moto wao. Wewe na mtoto mtalala kwangu, mtoto ukutani, wewe katikati, mimi ukingoni. Na umwambie mumeo kabisa, umwambie mapema, dirisha likigongwa ainuke hapohapo. Baba yako hagongi mara mbili.